Salamu Zilizovuka Kiambaza

Onorata alitoka kwenye chumba cha mazungumzo akicheka peke yake, kofia ya nyaya inayomwingiza mtu kwa mgonjwa bado iko mkononi, akamkumbatia Lusungu kabla huyu hajapata hata pa kuweka kikombe chake cha chai.

"Dada Lusungu, mmenirudishia mama yangu! Sijui mmemfanyia nini humo ndani, lakini Mungu awabariki. Leo amenipigia vigelegele. Mama yangu mimi! Vigelegele!"

Lusungu Mwinuka, mhandisi wa vyumba katika Nyumba ya Subira, alikuwa mtu wa kuona haya akisifiwa, lakini siku hiyo aliachia tabasamu. Hakukuwa na mfanyakazi wa Nyumba ile asiyemjua Mama Benigna. Tangu alipoletwa na homa ya mishipa, mwili wake ukalazwa ghorofa ya chini ili mishipa iote upya taratibu, na akili yake ikahamishiwa kwenye mashine isije ikazoea kulala ikasahau kuamka, hakuna aliyemtembelea akatoka na macho makavu. Alikuwa akimlilia mwanawe Festo, aliyeangukiwa na shehena ya mbao huko Makete miaka ya nyuma. Watu wanaumwa, wanapona, wanazungumza habari za mvua. Mama Benigna yeye alizungumza habari za Festo.

"Nimemwambia kuhusu Ladislaus," Onorata aliendelea, akishusha sauti kama msichana. "Mara ya mwisho nilipotaja harusi alisema hakuna ngoma itakayopigwa kwenye nyumba iliyomtoa Festo. Leo ananiambia nimlete, amwone meno. Eti mwanamume asiyecheka haoleki!"

"Na Festo?" aliuliza Lusungu. "Amesemaje?"

"Hakumtaja. Na mimi sikumtaja, nisije nikamtonesha kidonda. Ila ana watu wake wapya, sijui huwa anawaota? Ananiuliza, Wendelini mguu umepona? Skolastika kajifungua salama? Na Prosper sasa, Prosper ndiye haishi kumtaja. Nikamjibu wote wazima, mama. Ningefanyaje?"

Chai ilimpalia Lusungu. Alikohoa mpaka Onorata akampiga mgongoni huku akimcheka, naye akaitikia kicheko kile kwa mdomo tu, kwa sababu majina yale aliyajua. Hayakuwa ya ndoto. Yalikuwa ya ukoo wa Mzee Odilo Mgaya, mgonjwa wa chumba cha jirani, na Mama Benigna hakuwahi kukutana na Mzee Odilo hata siku moja.

*

Mashine ya Nyumba ya Subira ni moja tu, imejengwa juu ya vilima vya Njombe ili baridi ya pale iipoze bure. Ila ndani yake mna vyumba vingi, kila mgonjwa na chake, na kila mmoja anaishi akijua yuko peke yake. Ana kibaraza chake, jua lake, mbuzi wake kama alikuwa na mbuzi. Programu inayowatenganisha inaitwa Kiambaza, na sehemu kubwa ya Kiambaza ilitoka mikononi mwa Lusungu.

Mlangoni mwa kila chumba, Kiambaza kilitenga nafasi ya kupokelea salamu za jioni. Ndugu wanaandika nyumbani, salamu zinafika, mgonjwa anazisikia. Nafasi yenyewe ilitosha herufi mia tano. Salamu zikizidi hapo, Kiambaza kilizikata. Aliyebuni kipimo hicho alikuwa mtaalamu wa mbali, na inaonekana huko kwao mtu humsalimu mgonjwa kwa maneno mawili akaenda zake.

Salamu za akina Mgaya zilikuwa salamu za watu wa huku. Alitajwa kila mtu na habari yake: Wendelini anakusalimu, mguu unaendelea vizuri, Skolastika anakusalimu, mwezi wake umefika, Kizito anakusalimu, amerudi kanisani. Mwandishi alikuwa Prosper, mdogo wake Odilo, aliyefanya kazi Ndola na hakuweza kuja. Kwa kuwa Prosper alilelewa vizuri, alijiweka mwisho. Na kwa kuwa alijiweka mwisho, alikatwa kila siku.

Mzee Odilo alisikiliza siku ya kwanza, akasikiliza ya pili, halafu akafanya hesabu ambayo mgonjwa yeyote wa huku angeifanya. Wakitajwa wote isipokuwa mmoja, huyo mmoja amekufa, na wanamficha mpaka apone. Walimwapia kwamba Prosper ni mzima. Lakini si ndivyo mtu anavyoambiwa anapofichwa? Kadiri walivyoapa ndivyo alivyoamini msiba. Aliacha kula kwenye kibaraza chake, na kule chini mwili wake ukaacha kupona.

Lusungu hakuweza kulivumilia jambo hilo. Aliingia kwenye Kiambaza na kufuta mstari mmoja tu, ule unaopima urefu na kukata. Jioni ile Prosper akamsalimu kaka yake kwa mara ya kwanza, na alipoona hakatwi tena akawa anarefusha salamu kila jioni na kuwarudia watu wote mwishoni. Mzee Odilo alilia kwa furaha, akaanza kula, na familia ilimletea Lusungu jogoo mwekundu, ambaye alimgawia kila aliyekuwepo ofisini. Nafasi yenyewe ya salamu alipanga kuipanua wiki inayofuata. Wiki inayofuata ikaja na kazi zake, na iliyoifuata pia.

Sasa alikaa mbele ya kioo cha kompyuta yake na kufanya kile alichopaswa kukifanya kabla ya jogoo. Alitengeneza vyumba viwili vitupu, kimoja kando ya kingine. Cha kwanza alikipelekea salamu ndefu. Cha pili alikijaza herufi moja inayojirudia, A, A, A, kisha akakifungua na kuchungulia.

Ukingoni mwa chumba cha pili A zilikuwa zimetoweka. Mahali pake palisomeka: *anakusalimu, mguu unaendelea vizuri*.

Herufi zilizokosa nafasi hazikupotea. Zingepotea wapi? Hakukuwa na kitu cha kuzizuia, kwa hiyo ziliendelea kuandikwa mbele, zikavuka kiambaza na kukaa juu ya chochote kilichokuwepo upande wa pili. Mwenye nia mbaya angeweza kuutumia mwanya huo kwa makusudi. Angemwandikia jirani aamini shamba la baba yake ni la nani, au mkewe ni nani. Hapa hapakuwa na mwenye nia mbaya. Palikuwa na Lusungu.

Na kilichokuwepo upande wa pili alikijua pia. Kiambaza huweka karibu na mlango kumbukumbu ambazo mgonjwa huzitafuta mara kwa mara, ili asisumbuke kuzifuata mbali. Jioni zote, salamu za Onorata zilipofika, Mama Benigna alilitafuta humo jina la Festo. Alijua halimo, akalitafuta hivyo hivyo. Kwa hiyo Festo alikuwa amewekwa mlangoni kabisa.

Lusungu alifunika uso kwa viganja. Nafsi ilimsuta, na haikumsuta kwa upole. Alikuwa amepokea shukrani za familia mbili kwa kosa moja.

*

"Rudisha ule mstari leo hii," alisema Mzee Kilasi, mkurugenzi, alipokwisha kusikiliza. "Panua nafasi. Weka kiraka kizuri. Halafu nenda nyumbani ukapumzike, binti, macho yako yamekuwa mekundu."

"Na Mama Benigna?"

"Mama Benigna anapiga vigelegele."

"Mzee, hana habari kwamba alizaa mtoto wa kiume."

Kilasi alivua miwani na kuifuta, ingawa ilikuwa safi. Hakuwa mtu mbaya. Watu wengi walikuwa wanatembea Njombe nzima kwa miguu yao kwa sababu yeye alikataa kuifunga Nyumba ile ilipokosa wafadhili.

"Tuseme ukweli," alisema. "Picha ya chumba chake tunayo, ile tuliyoihifadhi kabla ya kitu hiki. Tukiirudisha, Festo anarudi. Lakini picha hairudi kipande kipande, unajua kuliko mimi. Inarudi nzima, na kila alichokiishi tangu hapo kinafutika. Furaha yake, baraka za harusi, vyote. Unamchukua mtu aliyetua mzigo na kumtwika tena. Zaidi ya hapo, habari ikivuma, watu watakuja kuwatoa ndugu zao kabla miili haijawa tayari. Hao watakufa, Lusungu. Sasa nitajie mtu mmoja anayeumia ukinyamaza. Mmoja tu."

Lusungu alifikiri. Mama Benigna haumii. Onorata haumii.

"Festo," alisema mwishowe.

"Festo alishakufa."

"Ndiyo, mzee. Alikuwa amebaki kwa mama yake, na nimemtoa hata hapo."

Kilasi alivaa tena miwani yake. Kisha akasema kwamba hatamzuia wala hatamtuma, na kwamba familia ikiiomba picha ataitia sahihi. Kuhusu familia nyingine, angezungumza nazo mwenyewe baada ya kiraka, moja moja, bila kuzitia hofu. Alisema hivyo kwa sauti ya mtu aliyeshindwa, na Lusungu alimwonea huruma, akajichukia zaidi.

*

Alimwambia Onorata siku iliyofuata, kwenye benchi la nje, ambako kulikuwa na upepo na hakuna mtu. Onorata alikuwa amemletea mapichi kwenye kikapu. Lusungu alimwomba asimpe kwanza. Alieleza yote bila kujitetea, kuanzia kwa Prosper aliyejiweka mwisho hadi kwa Festo aliyekuwa mlangoni.

Onorata alisikiliza akiwa amekumbatia kikapu chake.

"Mlifanya majaribio kwa mama yangu," alisema.

"Hapana. Nilisahau. Ni mimi peke yangu, na nilisahau."

"Ulisahau." Alilitamka neno hilo taratibu. "Kwa nini hukuninyamazia, dada? Eh? Nilikuwa na mama anayecheka. Umeniambia ili nani anufaike? Ili wewe upate usingizi, mimi niukose?"

Lusungu alitafuta jibu la kweli, na la kweli lilimfedhehesha. "Hilo limo," alisema. "Siwezi kukudanganya kwamba halimo."

Onorata alilia. Lusungu alitamani kumshika bega, akaona hana haki hiyo, mikono yake akaiweka magotini.

"Usiku wa msiba," Onorata alisema baadaye, "mama alinikamata mikono akaniambia, Ona, mimi na wewe tukimsahau, nani mwingine atamkumbuka? Sasa mimi nimeanza kuwaza harusi, na yeye..." Alijifuta kwa ncha ya khanga. "Sitamchagulia. Twende tukamuulize mwenyewe."

*

Ndani ya chumba chake Mama Benigna alikuwa ameketi kibarazani, ungo mapajani, anachambua maharage. Jua lilikuwa la saa nne asubuhi. Huko kwake saa zote zilikuwa saa nne asubuhi, maana ndiyo aliyoipenda.

"Kamwene," Lusungu alimsalimu kwa salamu ya nyumbani.

"Kamwene, mwanangu. Huyu ndiye fundi wa nyumba yangu? Mbona mwembamba hivyo? Keti, keti. Prosper ameandika?"

Onorata aligeuza uso. Lusungu aliketi kwenye kigoda, akatoa maharage mabovu mawili kwenye ungo kwa kuwa mikono ilihitaji kazi, kisha akasema. Ilikuwa vigumu kuliko kumwambia binti. Namna gani unamwambia mtu kwamba amepoteza kitu, na yeye anakutazama kwa macho ya mtu asiyepungukiwa na chochote?

"Kwa hiyo Prosper si wangu," Mama Benigna alisema.

"Si wako, mama. Ni wa jirani."

"Na Skolastika? Mimi nimemwombea yule mtoto mpaka magoti yameota sugu!"

"Alijifungua salama. Wa kike."

"Afadhali." Alicheka kidogo, kisha kicheko kikakatika. "Na wangu mimi? Huyo mnayesema. Anaitwa nani?"

"Festo," alisema Onorata. Akapiga magoti mbele ya mama yake na kumweleza. Festo alikuwa anapiga mluzi tangu alfajiri mpaka majirani wanalalamika. Alikuwa anagombania ukoko wa ugali na ukubwa wote ule. Alikwenda Makete kwenye mbao ili alete mabati ya nyumba, na nyumba yenyewe waliiezeka watu wengine. Mama Benigna alisikiliza kwa makini, akitikisa kichwa, akisema maskini, maskini mtoto wa watu. Ndipo akajisikia mwenyewe alichokisema.

Aliweka ungo chini.

"Namwonea huruma," alisema polepole. "Kama ninavyomwonea huruma mtoto wa mtu wa mtaa wa pili. Zaidi ya hapo sina kitu. Naingiza mkono ndani, sikuti kitu." Alimtazama Lusungu. "Na unaweza kumrudisha?"

"Naweza. Ila utarudi na kilio chako chote, mama. Na haya ya siku hizi yataondoka. Furaha, na ruhusa uliyompa Onorata. Hutayakumbuka."

"Nilikuwa nalia sana?"

"Sana."

Mama Benigna alitazama kiwanja chake chenye jua lisilosogea. Halafu akamshika Onorata kidevu. "Utaniomba tena hiyo harusi. Nikikataa, uniombe tena. Mimi nitakuwa nakataa kwa uchungu, si kwa ubaya. Usikate tamaa na mimi, umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Basi nirudishieni mtoto wangu." Akamgeukia Lusungu, aliyekuwa anatazama chini. "Na wewe, inua uso. Ulimhurumia mzee wa watu, ukasahau kuangalia upande wa pili. Mimi nimekusamehe. Nakusamehe kwa moyo wangu wote, usije ukajiua kwa mawazo."

Lusungu alilia pale pale, bila kujizuia, na Mama Benigna akampangusa machozi kwa upindo wa khanga. Tangu alipoziona zile A zimetoweka hakuwa amevuta pumzi iliyofika chini, na sasa aliivuta.

*

Picha ilikuwa tayari, imetiwa sahihi. Lusungu aliweka kidole juu ya kitufe, kikasita hapo.

Msamaha ule ulikuwa upande utakaofutika. Mtu aliyemsamehe angeondoka pamoja na vigelegele, na mahali pake angerudi Benigna wa zamani, ambaye hakuwa amemsamehe mtu yeyote kwa lolote.

Kiraka kilikuwa hakijawekwa bado. Mwanya ulikuwa wazi. Aliona jinsi kazi hiyo ilivyokuwa nyepesi mpaka akaogopa. Angerudisha picha, kisha angeandika salamu ndefu kupitia chumba cha jirani, na herufi za mwisho zingevuka na kuketi mlangoni kwa Mama Benigna: *nimemsamehe Lusungu kwa moyo wangu wote*. Yangekuwa maneno yake mwenyewe. Alikwisha kuyasema. Ingekuwa kurudisha tu kilicho chake, si ndiyo? Vidole vyake viliandika neno la kwanza.

Alilifuta. Aliandika upya ule mstari alioufuta siku ya Prosper, akapanua nafasi, akaiagiza programu kwamba salamu zikizidi zije kwa mafungu, asikatwe mtu. Alijaribu kwa vyumba vitupu mpaka akaridhika kwamba A zote zimebaki A. Mwanya ukafungwa, na yeye akabaki nje pamoja na wengine wote. Ndipo akabonyeza kitufe.

*

Walipovaa kofia na kuingia, waliisikia sauti ya Mama Benigna kabla hawajamwona. Alikuwa kibarazani, ungo pembeni, anayumba mbele na nyuma. "Festo wangu," alikuwa anasema. "Festo wangu. Festo." Onorata alimkimbilia, akamkumbatia, na hakuna aliyejua analia yupi kwa furaha na yupi kwa uchungu.

Baada ya muda Onorata alimsogelea Lusungu. "Mwambie ulishaomba msamaha na alishakusamehe," alinong'ona. "Mimi nilikuwepo. Nitakuwa shahidi wako."

Lusungu alitikisa kichwa. Aliketi kwenye kigoda kile kile.

"Kamwene, mama. Mimi ni fundi wa nyumba hii. Nimekuja kukuomba msamaha."

"Kwa lipi, mwanangu?"

Akaanza tena kuanzia mwanzo, na safari hii ilikuwa vigumu zaidi, kwa sababu aliyemsikiliza alijua alichokuwa ameibiwa. Mama Benigna hakumkatiza. Machozi yalikauka usoni pake huku akisikiliza. Mwisho wa maelezo aliuliza jambo moja.

"Muda wote huo ambao hakuwa kwangu, alikuwa wapi?"

Lusungu alijua kila chembe ya mashine ile, wapi panaandikwa nini na nini kinaandikwa juu ya nini.

"Sijui, mama."

"Nenda kwanza, basi," alisema Mama Benigna, bila ukali. "Ukishajua, rudi uniambie."

Kesho yake Lusungu alirudi. Hakuwa na jibu. Alimsalimu, akavuta kigoda, na kwa kuwa hakufukuzwa, akaanza kumsaidia kuchambua maharage.